Jedwali la Vipimo vya Watoto Wetu



Mwezi huu twajibu barua ya mama mmoja wa Iringa, ambaye yeye na wenzake wanne wana cherehani tatu katika chumba kimoja, nao hushona kanzu, mabuibui na sare za wanafunzi. Asema ya kwamba mwanawe aliyemaliza kidato cha nne aliwawekea katika kompyuta programu ya kuchora paterni, nao wakafurahi mno, kwani ile kazi ya rula na penseli iliyokuwa ikila siku nzima sasa yaisha kwa muda mfupi. Wakapata katika mtandao jedwali la saizi za watoto, wakaliingiza katika programu, wakakata kanzu thelathini na sita za chuo kimoja. Siku ya kuzigawa mikono ya kanzu ilifunika vidole vya watoto, mabega yakaning'inia na pindo zikazoa vumbi. Wazazi walikwisha kulipa, na kitambaa kilikwisha kukatwa. "Je, Mwalimu," auliza, "kompyuta hii imetudanganya, au ni sisi tusiojua kuitumia?"

Kompyuta haikumdanganya mtu. Ilichora sawasawa kanzu za watoto walioandikwa katika jedwali lile. Ila watoto wale hawakuwa watoto wa chuo kile. Hapo ndipo penye mambo yote, nami nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili halimhusu mama huyu peke yake. Huku Mbeya kwetu nako kuna kina mama wengi walioingia katika kazi hii. Mimi si fundi, na elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi; lakini chuo chetu kina darasa la kushona la wasichana wakubwa na kina mama, nami ndiye mshika daftari lao la hesabu, kwa hiyo imenilazimu kuyajua mambo ya kompyuta yao.

Watu wengi hulitazama jedwali la saizi kana kwamba ni kitu cha maumbile, kama vile jua kuchomoza mashariki. Hasha! Jedwali ni habari za watu fulani, waliopimwa mahali fulani, katika mwaka fulani. Mwenye kulitumia huwa ameazima miili ya watu hao akawavika watu wake.

Katika mwaka 1863, huko Massachusetts katika Marekani, fundi mmoja aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza paterni za karatasi zilizokatwa kwa saizi mbalimbali, ili mama aliye nyumbani achague iliyo karibu na mwili wa anayemshonea. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini vipimo vya saizi zile vilitoka wapi? Kila mwenye duka alikuwa na vyake. Miaka ikapita hata kufikia 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatuma watu kupima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo zaidi ya hamsini. (Msomaji atauliza, kilimo na nguo wapi na wapi? Ndani ya wizara ile palikuwa na idara ya mambo ya nyumbani.) Kitabu cha kazi ile kilitolewa mwaka 1941 na Ruth O'Brien na William Shelton, na hesabu zilizotiwa humo zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Katika mwaka 1958 serikali yao ikatoa kanuni ya saizi za wanawake iliyotegemea kazi hiyo, na mwaka 1983 kanuni hiyo ikaondolewa. Basi hata huko kwenyewe, walikopima maelfu kwa fedha za serikali, jedwali halikudumu. Sembuse kulileta Kihesa au Mwanjelwa likafae bila ya kuguswa!

Sasa natazama jedwali alilolitumia mama yetu, ambalo ameliambatisha na barua. Naona mambo mawili.

La kwanza, limepangwa kwa umri: miaka sita, miaka minane, miaka kumi. Sisi nasi tumezoea hivyo, kwani mzazi huingia dukani akasema, "Nipe ya mtoto wa miaka minane." Lakini umri si kipimo cha nguo. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja waweza kupishana kwa kimo kwa upana wa kiganja, na zaidi. Na katika nyanda zetu hizi kuna sababu nzito ya kutoutegemea umri, nayo haina budi kutajwa ijapokuwa yasikitisha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto wapatao 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao utakavyo. Katika nchi nzima hesabu ilikuwa 30 katika kila 100. Njombe, jirani wa Iringa, ilikuwa 50 hivi. Nasi twajua ya kwamba hii ndiyo mikoa ya mahindi, maharage, viazi na maziwa! Sababu zake ni nyingi, na madaktari wamezieleza mara nyingi. Si kazi ya ukurasa huu. Lakini watoto wale wa mwaka 2022 wengi wao leo wamo madarasani na vyuoni, nao wanahitaji nguo. Fundi akishona kwa jedwali la umri lililotoka Ulaya, atakuwa amewashonea watoto wengine. Na mtoto aliyevaa kanzu inayomburura huchekwa na wenzake, akaona kosa ni la mwili wake, hali kosa ni la karatasi.

Wazungu wenyewe wamekwisha kuliona hili. Katika nchi nyingi za Ulaya nguo za watoto huandikwa kimo kwa sentimita, si umri: 116, 122, 128, 134, na kuendelea hivyo kwa hatua ya sentimita sita. Huo ni mpango mwema, na ndio tutakaoufuata, ila vipimo vitakavyoandikwa ndani yake viwe vyetu.

Jambo la pili katika jedwali lile limefichika zaidi. Juu yake pameandikwa kwa Kiingereza kidogo tu, kwa herufi nyembamba, kwamba ni vipimo vya nguo iliyokwisha kushonwa. Vipimo vya mwili ni kitu kimoja na vipimo vya nguo ni kingine. Mwili wenye kifua cha sentimita 64 hauvai nguo ya 64, kwani mtoto hataweza kuvuta pumzi wala kuinua mkono. Huongezwa nafasi, ambayo mimi huiita ulegevu. Sasa paterni iliyomo katika programu ya mama yetu huongeza ulegevu yenyewe. Yeye akaingiza vipimo ambavyo tayari vina ulegevu ndani yake, na programu ikaongeza tena. Ndiyo sababu mabega yaling'inia. Kwa hiyo kabla ya kuliamini jedwali lolote, liulize: wewe ni la mwili au la nguo? Lisipojibu, liache.

Tuje katika kazi yenyewe. Kwanza ni kupima watoto, na kupima huku hakufanywi mbele ya kompyuta bali kwa daftari, penseli na futikamba. Futikamba iwe mpya. Ile ya kitambaa iliyotumiwa miaka mingi hunyooka, ikawa inasema 60 mahali pa 61. Ilazeni juu ya tepu ya chuma ya fundi seremala mwone kama zalingana. Mtoto avue viatu na sweta, asimame na mgongo ukutani, na futikamba izunguke kifua bila kubana na bila kulegea. Andikeni sentimita. Najua mafundi wetu wote husema kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54, lakini kugeuzageuza ndiko kunakozaa makosa, na hatua ya sita tuliyoitaja ni ya sentimita.

Kwa kanzu vyatosha vipimo vichache: kimo, mduara wa kifua, mduara wa shingo, upana wa mabega, urefu wa mkono kutoka begani hata kifundoni, na urefu kutoka chini ya shingo nyuma hata juu kidogo ya kongo mbili za mguu. Kwa wasichana ongezeni mduara wa nyonga. Na kwa hijabu ya kushonwa, ile ya kuvalia kichwani kama mfuko, yatakiwa vipimo viwili ambavyo majedwali mengi ya kigeni hayana kabisa: mduara wa uso kutoka chini ya kidevu kupita utosini, na mduara wa kichwa penye paji la uso. Hijabu ikikosa vipimo hivi huwa ama yabana koo ama yateleza nyuma, na mtoto darasani hana raha. Kila dakika mkono u kichwani.

Wasichana wapimwe na wanawake, nyuma ya pazia, na kipimo kisitangazwe kwa sauti. Nimepita mahali nikasikia mpimaji akipaza sauti kumwambia mwandishi kiuno cha binti mbele ya watu, binti akainamisha uso. Haifai. Vipimo vya mwili wa mtu ni amana. Katika daftari andikeni namba badala ya jina, na orodha ya majina na namba zake ikae kwa mtu mmoja. Mzazi naye aombwe idhini kwanza. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini hata kabla ya sheria hiyo adabu ilitosha kutufundisha.

Mkiisha kupima, wapangeni kwa kimo, si kwa umri. Wale walio karibu na sentimita 116 kundi lao, wa 122 kundi lao, 128, 134, 140. Katika kila kundi, kwa kila kipimo, pangeni hesabu kutoka ndogo hata kubwa na mchukue ile ya katikati. Nasema ya katikati, wala si ya kujumlisha na kugawa, kwa sababu mtoto mmoja mnene sana au hesabu moja iliyoandikwa vibaya huvuruga ile ya kugawa, bali ya katikati haitikisiki. Kisha tazameni tofauti baina ya kundi na kundi. Tuseme urefu wa mkono katika makundi hayo matano ni 39, 41.5, 44, 46.5 na 49. Basi kila kimo kikipanda hatua moja mkono huongezeka sentimita 2.5. Kwa kweli hesabu zenu hazitakuja safi hivi. Zitakuja mbili, tatu, mbili na nusu. Hapo pia chukueni ya katikati. Kundi moja likitoka nje kabisa ya mstari, msilisawazishe kwa nguvu. Wapimeni watoto wale upya.

Ndipo sasa tuwashe kompyuta. Ziko programu za kununua kwa fedha nyingi, na sioni haja yake kwa chumba chenye cherehani tatu. Iko moja iitwayo Valentina, iliyoanzwa mwaka 2013 na Roman Telezhynskyi, mtu wa Ukraine, na baadaye kazi hiyo ikagawanyika ikazaliwa ndugu yake iitwayo Seamly2D. Zote mbili hutolewa bure, na leseni yake yaruhusu mtu kuinakili na kumpa mwenziwe, kwa hiyo hapana wizi ndani yake. Hii nitakayoieleza ni Seamly2D, kwa kuwa ndiyo wanayotumia kina mama wa darasa letu. Pamoja nayo huja programu ndogo ya vipimo iitwayo SeamlyMe. Paterni huchorwa katika ile kubwa, na vipimo hukaa katika hii ndogo, kila kimoja faili lake. Mpango huu ni wa hekima: paterni moja ya kanzu yaweza kusoma jedwali la Iringa leo na jedwali la Mbeya kesho, bila ya mstari mmoja kuchorwa upya.

Mkifungua faili jipya la vipimo mtaulizwa ni la namna gani: la mtu mmoja au la saizi nyingi. La mtu mmoja ni kwa bwana arusi au mteja wa peke yake. Chagueni la saizi nyingi. Kisha mtaulizwa kimo cha msingi na saizi ya msingi. Saizi hapa, kwa desturi ya washonaji wa nchi za Kirusi ambako mpango huu umetoka, ni nusu ya mduara wa kifua. Yaani mtoto mwenye kifua cha 64 ni saizi 32. Mtoto wa msingi awe yule wa katikati ya watoto wenu, asiwe mdogo kuliko wote wala mkubwa, kwa sababu kila kosa la hatua huzidi kadiri mnavyokwenda mbali naye. Tuseme kimo 128 na saizi 32.

Halafu kila kipimo hupewa mstari wake. Viko vipimo vingi ambavyo programu tayari yavijua kwa majina, kama kifua, shingo na mkono. Vile isivyovijua, kama mduara wa uso kwa hijabu, mtavitunga wenyewe, na jina lake lianze kwa alama hii: @. Andikeni kwa Kiswahili, kwa mfano @mduara_uso. Programu haina kinyongo na lugha yetu.

Katika kila mstari mtaandika hesabu tatu, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo someni polepole. Ya kwanza ni kipimo cha mtoto wa msingi. Ya pili ni kiasi kinachoongezeka saizi ikipanda hatua moja, na hatua ya saizi ni mbili. Ya tatu ni kiasi kinachoongezeka kimo kikipanda hatua moja, na hatua ya kimo ni sita. Kwa kifua mtaandika 64, kisha 4, kisha 0. Maana mtoto akirefuka bila kunenepa kifua chake kwa kanuni hii hakibadiliki. Kwa urefu wa mkono mtaandika 44, kisha 0, kisha 2.5. Kwa urefu wa kanzu, tuseme 98, kisha 0, kisha 5. Mabega hutegemea yote mawili, na daftari lenu ndilo litakalowaambia kiasi gani.

Sasa jaribuni. Mtoto wa kimo 140 na saizi 32 ni hatua mbili za kimo juu ya msingi: mkono 44 na mara mbili 2.5, yaani 49. Kanzu 98 na mara mbili 5, yaani 108. Kifua 64 vile vile. Na mtoto wa kimo 116 na saizi 34, yaani mfupi aliyejaa: mkono 39, kanzu 88, kifua 68. Je, mmeona faida yake? Jedwali la umri humlazimisha kila mfupi awe mwembamba na kila mrefu awe mpana. Hili laacha urefu uende njia yake na upana njia yake. Kwa watoto wa Iringa, ambao wengi kimo chao kimebaki nyuma ya umri wao, hii ndiyo dawa ya zile kanzu zinazozoa vumbi. Kina mama wa darasa letu walipoliona jambo hili katika kioo cha kompyuta, kanzu ikirefuka na kufupika huku upana umetulia, walicheka kama watoto.

Lakini kanuni hii ina mpaka wake. Yadhani ya kwamba mwili hukua kwa mstari ulionyooka, na mwili haufanyi hivyo. Msichana akikaribia kubaleghe nyonga hupanuka upesi kuliko kifua na kimo. Mvulana naye huongezeka mabega kwa ghafula, na mikono hutangulia kiwiliwili. Kwa hiyo msijaribu kuingiza watoto wa darasa la kwanza na wasichana wa sekondari katika jedwali moja. Fanyeni majedwali matatu: la watoto wadogo wote, la wasichana wakubwa, la wavulana wakubwa, kila moja na msingi wake. Ni kazi zaidi, lakini hapa kwa wasichana ndipo penye hatari kubwa, maana juba lililotoshea mabegani likabana nyongani halikutimiza kazi yake ya stara, na msichana atalikataa, na atakuwa na haki.

Narudi kwa ulegevu, kwa sababu ya baridi yetu. Watu wa pwani washonao kanzu nyepesi hawana habari ya mwezi wa Juni na Julai katika Mbeya, wakati mtoto huamka alfajiri kwenda chuoni na sweta mbili mwilini. Kanzu ya huku haina budi kuwa na nafasi ya sweta ndani yake. Mafundi wengine huongeza nafasi hiyo katika kipimo cha kifua chenyewe. Wamepima 64, wao huandika 70. Msifanye hivyo hata kidogo. Mwaka ujao hakuna atakayekumbuka kama 70 ile ni kifua au ni kifua na sweta. Kipimo cha mwili kibaki safi. Ulegevu uandikwe ndani ya faili la paterni, ambako kuna orodha ya nyongeza, na jina la nyongeza huanza kwa alama ya #. Andikeni #ulegevu kuwa 14 na #sweta kuwa 6. Kisha upana wa robo ya kanzu uwe ni kifua, na #ulegevu, na #sweta, vyote vigawanywe kwa nne: 64 na 14 na 6 ni 84, na robo yake 21. Mkipata kazi ya kushonea chuo cha Tanga au Lindi, mtageuza #sweta kuwa 0, na kanzu zote zitapungua mara moja.

Kabla ya kukata jora, kateni moja ya majaribio kwa kitambaa rahisi, na kwa hili hapana kinachoshinda marekani, ambayo babu zetu waliiita hivyo kwa sababu ilitoka huko huko walikopimwa wale wanawake elfu kumi na tano. Mvisheni mtoto wa msingi, kisha mmoja wa kila mwisho wa jedwali, yaani mdogo kabisa na mkubwa kabisa. Mwambieni ainue mikono, ainame, arukuu na asujudu. Mtoto wa katikati akienea na wa mwishoni asienee, msiguse msingi. Hatua ndizo mbaya.

Kuna kosa jingine dogo ambalo limepoteza vitambaa vingi, nalo halihusu jedwali bali kupiga chapa. Paterni huchapwa katika karatasi za kawaida za A4 na kuunganishwa kwa gundi. Mashine nyingi za chapa katika maduka ya vifaa vya ofisi zimewekwa ili kupunguza picha ienee katika ukurasa, na mwenye duka hajui wala hajali. Hupungua kidogo tu, lakini kidogo hicho juu ya kanzu nzima ni vidole viwili. Choreni katika paterni mraba wa sentimita kumi kwa kumi, mwambieni achape kwa asilimia 100, mkaupime mraba huo kwa rula pale pale dukani kabla ya kulipa.

Wako mafundi wazee, nawaheshimu sana, wasemao kwamba mambo haya ni ya bure, kwa kuwa fundi wa kweli humtazama mtu akipita mlangoni akajua kipimo chake. Ni kweli wapo. Nilimjua mmoja hapa Mbeya aliyekata suruali bila kugusa futikamba. Lakini jicho lake alikwenda nalo kaburini, Mungu amrehemu, wala hakuna mwanafunzi wake aliyerithi. Jedwali hurithiwa. Na jicho lilifaa kwa mteja mmoja mmoja; chuo kikiagiza kanzu mia mbili kabla ya Idi, hakuna jicho litakalowaona watoto mia mbili wote wakipita mlangoni.

Mama yetu ameuliza pia kama anaweza kuwapa kina mama wa Makambako jedwali lake atakapolimaliza. Jedwali lenye hesabu za katikati tu, lisilo na jina la mtoto, alitoe kwa roho safi. Daftari asilitoe. Na hao wa Makambako wapime watoto wao japo kumi na wawili kwanza, walinganishe, kwani huenda msingi ukafaa na hatua zisifae.

Faili liandikwe jina la mahali na mwaka, kama Iringa-wadogo-2026, na kila Januari, shule zifunguliwapo, wapimeni tena watoto wachache wa kila kimo. Mkiona daftarini mtoto ambaye kwa mwaka mzima kimo chake hakikuongezeka, mwiteni mzazi wake faraghani mmwambie ampeleke kliniki. Hilo futikamba yenu italiona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwezi ujao, Inshallah, tutajibu barua za wasomaji wawili wa Mbarali kuhusu kufua na kuhifadhi vitambaa vya sufi wakati wa masika. Wassalaam.